Mashine ya kulishia paka na mbwa: jua unachonunua kabla hujalipa

Ukipita kwenye kurasa za wauzaji wa vifaa vya nyumbani, wa Dar es Salaam hata wa Nairobi, hutakosa kuiona: chombo cha plastiki, paka ameketi mbele yake, punje zinadondoka kwenye sahani, na juu ya picha kuna ahadi kwamba sasa unaweza kusafiri bila wasiwasi. Chini ya picha wateja wanauliza maswali yale yale. Nikiwa nayo naweza kwenda likizo wiki mbili? Umeme ukikatika inakuwaje? Inakubali ugali na dagaa? Mbona hii inauzwa mara tano ya ile, na zote zinaitwa za kujiendesha? Muuzaji anajibu la bei, mengine yanabaki yananing'inia.

Ni maswali ya msingi, na kuyajibu hakuhitaji uhandisi. Shida ni kwamba vifaa vya aina nne tofauti vimepewa jina moja, na kila kimoja kinasifiwa kwa uwezo wa mwenzake.

Kazi zake ni mbili

Mashine ya kulishia ni chombo kinachohifadhi chakula na kukitoa bila mtu kuwepo. Ikiwa ya kweli, ina kazi mbili: kutunza saa na kutoa kipimo. Haijui kama mnyama amekula au amenusa akaenda zake. Haijui kama anatapika. Haimbadilishii maji wala haimsafishii choo. Karibu kila swali linalosumbua watu linajibika ukizingatia hapo.

Aliyewahi kufuga kuku anaifahamu aina ya kwanza hata kama hajaiona dukani. Ni kama kile chombo cha vifaranga, juu pipa, chini sinia: kuku anadonoa, chakula kinashuka kujaza pengo. Cha paka kimejengwa vivyo hivyo. Hakina saa, hakina kipimo, hakitumii betri, na ndiyo maana ni cha bei nafuu kuliko vyote. Kuku wa nyama tunataka anenepe haraka. Paka aliyehasiwa na anayeshinda ndani ya nyumba hatutaki anenepe, na chombo kisichokauka ni njia fupi ya kumfikisha huko. Utasikia kwamba paka anajua kujipimia. Wako wanaojua, lakini wengi hula kwa sababu chakula kipo. Mbwa ndiyo usiseme: wengi wao watamaliza pipa zima siku ya kwanza.

Aina ya pili ni sinia lenye vyumba vitano au sita na mfuniko wenye tundu moja. Saa ikifika sinia linazunguka, chumba kimoja kinafunuka. Kipimo ni kile ulichoweka mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo haikosei. Nyingine zina nafasi ya kuweka barafu chini yake kwa ajili ya chakula laini cha kopo. Ni kifaa rahisi, na nadhani kinadharauliwa bila sababu. Kwa mtu anayechelewa kurudi kazini jioni, mara nyingi kinatosha.

Aina ya tatu ndiyo inayotawala matangazo: pipa la lita mbili hadi sita, na chini yake mota inayozungusha gurudumu lenye vijumba. Unapanga saa na idadi ya migawo, gurudumu linazunguka, punje zinashuka. Waifai, kamera na kipaza sauti cha kumwita mnyama ni nyongeza juu ya aina hii hii. Mashine yenye kamera na isiyo na kamera hutoa chakula kwa njia moja.

Ya nne inatambua nani anakula. Nitaifikia.

Mgawo mmoja ni gramu ngapi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na afya ya mnyama pia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye mipangilio utaona mashine inahesabu kwa migawo: mmoja, miwili, mitatu. Watu wengi hudhani mgawo ni kiasi kinachojulikana, kama gramu au kijiko. Siyo. Mashine nyingi za nyumbani hazipimi uzito hata kidogo. Zinapima nafasi: mgawo mmoja ni chochote kilichoingia kwenye kijumba kimoja cha gurudumu. Punje ndogo na nzito zikijaa humo, uzito unakuwa mwingine. Punje kubwa zenye matundu zikiingia, unakuwa mwingine kabisa. Mashine ile ile, mpangilio ule ule, ukibadilisha aina ya chakula umebadilisha mlo bila kujua.

Tuchukue mfano wa paka wa kilo 4, amehasiwa, anaishi ndani. Anahitaji takriban kilokalori 240 kwa siku. Chakula kingi cha punje kina kilokalori kati ya 350 na 400 kwa kila gramu 100, na nambari hiyo kwa kawaida huandikwa kwenye mfuko. Kikiwa na 370, mahitaji yake ya siku nzima ni kama gramu 65. Hazijazi kikombe cha chai. Sasa mashine ikizidisha gramu 10 tu kwa siku, umemwongezea zaidi ya sehemu ya saba ya mahitaji yake, kila siku, mwaka mzima. Hakuna atakayeona ikitokea. Ataonekana tu ameota tumbo, na daktari wa mifugo ataanza kuzungumzia viungo na kisukari.

Dawa yake ni mizani ndogo ya jikoni. Weka bakuli juu ya mizani, iamuru mashine itoe migawo kumi, soma uzito, gawanya kwa kumi. Tuseme umepata gramu 82: mgawo wako ni gramu 8 na kidogo, na paka wetu anahitaji migawo minane kwa siku. Migawo minane unaweza kuigawa mara nne, miwili miwili, na hilo linamfaa sana, kwa sababu paka kwa maumbile yake hula milo midogo mingi mchana na usiku. Rudia kupima kila unapofungua mfuko wa chapa nyingine. Ni dakika tano, na hakuna nyongeza yoyote ya bei inayoweza kuchukua nafasi ya kupima huku.

Kwa mbwa mkubwa hesabu hubadilika. Anaweza kuhitaji gramu mia kadhaa kwa siku, na pipa la lita nne lenye kilo moja na nusu hivi litakwisha baada ya siku chache. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, German Shepherd akiwa mmoja wao, wana hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, jambo linaloua kwa saa chache, na hatari hiyo huongezeka kwa anayekula mlo mmoja mkubwa tena kwa pupa. Mashine inayogawa chakula chake mara tatu ina faida ya kweli hapo. Ila ajue kuheshimu chombo: mbwa wa kilo 35 akiamua kuangusha plastiki ya kilo mbili ili afikie pipa, ataiangusha.

Umeme, saa na intaneti

Kwa huku kwetu ningeliweka swali la umeme mbele ya mengine yote. Mashine nzuri ina njia mbili: waya wa ukutani na betri za akiba. Umeme ukikatika betri zinashika, ukirudi waya unashika. Isiyo na sehemu ya betri usiinunue, hata ikiwa na kamera mbili.

Mashine za bei ya chini zina kasoro nyingine ambayo haiandikwi popote. Umeme ukikatika na betri zikawa hakuna au zimekwisha, saa yake inafutika. Umeme ukirudi, inaanza kuhesabu upya kutoka 00:00. Kwa hiyo ikiwa umeme umerudi saa kumi jioni, yenyewe inaamini ni saa sita usiku, na chakula cha asubuhi kitatoka usiku wa manane. Mwenye nyumba anaona sahani haina kitu na anadhani kila kitu kiko sawa. Jaribu hili siku uliyoinunua: panga saa, chomoa waya, toa betri, subiri dakika chache, rudisha. Kama mpangilio umepotea, utajua ni ya kutumika ukiwa mjini tu.

Saa za mashine zinahesabu kwa saa 24, hivyo mlo wa saa mbili asubuhi unauandika 08:00 na wa saa mbili usiku 20:00. Zile za simu nazo huja na saa za nchi ya mtengenezaji. Hakikisha programu inasoma saa za Afrika Mashariki, yaani UTC+3, la sivyo mnyama atakula kwa saa za Shanghai.

Halafu kuna watu wanaotegemea pawabenki. Inaweza kufanya kazi, lakini pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, na mashine ya kulishia muda mwingi huvuta kidogo sana. Usiku unapita, asubuhi imezima. Jaribu kwanza.

Kuhusu intaneti, dhana iliyoenea ni kwamba yenye waifai ni ya kuaminika zaidi kwa kuwa unaiona kwenye simu. Tofautisha mambo mawili: ratiba imehifadhiwa wapi, na amri inapita wapi. Ratiba ikihifadhiwa ndani ya mashine, intaneti ikikatika mnyama bado atakula kwa wakati. Wewe tu hutaona. Ratiba ikikaa kwenye seva za kampuni, ng'ambo huko, basi chakula cha paka wako wa Kinondoni kinategemea kompyuta usizozijua. Februari 2020 seva za kampuni ya Kimarekani ya Petnet zilizimika kwa takriban wiki moja. Kampuni ilisema mashine zitaendelea kulisha kwa ratiba, lakini wateja kadhaa walieleza kuwa zao ziliacha kutoa chakula, na walipoandika barua pepe hawakupata msaada. Miezi michache baadaye kampuni ilikuwa imeishiwa pesa.

Kwa hiyo muulize muuzaji swali hili: nikizima ruta sasa hivi, itatoa chakula saa iliyopangwa? Kama hajui, izimeni pamoja muone. Kumbuka pia kwamba umeme ukikatika ruta nayo imezima, na kwamba mashine nyingi za namna hii zinakubali waifai ya masafa ya 2.4 GHz tu. Watu wamezirudisha dukani wakidhani ni mbovu kumbe ruta ilikuwa inarusha 5 GHz peke yake.

Ugali hapana, na joto la pwani nalo lina lake

Mashine ya mota imetengenezwa kwa ajili ya punje kavu, ndogo, za umbo linalofanana, nyingi zikiishia kipenyo cha milimita 12 hivi. Ugali hauwezi kupita. Wali hauwezi. Dagaa wakavu watakwama mkia kwenye gurudumu, na unga wao utaganda humo. Nyama na utumbo usifikirie. Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu zinalisha mbwa ugali uliochanganywa na dagaa, na paka anakula mabaki ya samaki. Kununua mashine ya mota ni kuamua pia kununua chakula cha punje kila mwezi. Piga hesabu ya mfuko kabla ya kupiga hesabu ya mashine. Na ukiamua kubadilisha chakula, changanya cha zamani na kipya kwa muda wa wiki hivi, kipya kikiongezeka taratibu, maana tumbo la mnyama halipendi mabadiliko ya ghafla.

Chakula cha kopo au kilichopikwa kinawezekana kwenye sinia la vyumba tu, na hapo hali ya hewa ndiyo inayoamua. Kwenye nyumba ya Mombasa au Unguja yenye nyuzi 32, chakula chenye majimaji kikikaa nje zaidi ya saa moja au mbili kimeanza kuharibika. Barafu inaongeza muda kidogo, haifanyi sinia kuwa friji.

Hata punje kavu hazisalimiki. Zimepakwa mafuta, na mafuta kwenye joto na hewa huchacha. Paka atazikataa na wewe utadhani anadeka. Unyevu wa pwani unaziloweka, kisha linakuja suala la kuvu. Tanzania tunalijua neno sumukuvu kwa machungu: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa nao huathirika nayo vibaya. Mwishoni mwa 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza vifo vya mbwa wengi waliokula chakula cha pakiti chenye sumukuvu, na hicho kilikuwa kimeharibika kabla hata ya kufika nyumbani.

Ndiyo maana nashauri kinyume na tangazo linalosifu ukubwa wa pipa. Pipa la lita nne linaweza kumlisha paka wetu zaidi ya wiki tatu. Kwenye hewa ya Tanga au Lamu hakuna sababu ya kulijaza. Weka chakula cha siku nne au tano, mfuko uliobaki ufunge vizuri na uuweke mahali pakavu, na pipa likiisha lifute kabla ya kuongeza, usimwage kipya juu ya vumbi la zamani. Chagua pipa lenye mpira wa kuziba kwenye mfuniko na nafasi ya kile kipakiti cha kunyonya unyevu, na ukibadilishe. Sahani iwe ya chuma kisichoshika kutu na inayotoka ili ioshwe kila siku. Plastiki ikishachanika kwa meno huficha uchafu, na paka wengine hutokwa na vipele kidevuni.

Sisimizi watakuja. Weka mashine katikati ya sinia pana lenye maji kidogo, waya ukiwa umeinuliwa usiwe daraja lao. Panya ni kesi kubwa zaidi, na hapo mfuniko wenye kufuli ni lazima.

Wanyama wawili, sahani moja

Ukiwa na paka wawili, mmoja mnene na mmoja dhaifu, mashine ya mota itamnenepesha mnene. Hapa ndipo aina ya nne inapostahili bei yake. Ina mfuniko unaofunguka pale tu inaposoma chipu ya mnyama aliyesajiliwa, au kidani maalumu shingoni, na kujifunga akiondoka. Nyingi hazitoi kipimo: unaweka chakula wewe, yenyewe inalinda sahani. Kwa nyumba yenye paka anayekula chakula maalumu cha wagonjwa wa figo na mwingine wa kawaida, sijui suluhisho lililo bora kuliko hilo.

Chipu yenyewe imezungukwa na uvumi, tuuondoe. Ni kidude cha urefu wa takriban milimita 12 ambacho daktari wa mifugo huingiza chini ya ngozi, kati ya mabega. Hakina betri. Kimelala hadi kifaa cha kukisoma kikikaribie kwa sentimita chache na kukipa nguvu ya kutoa namba yake. Hakionyeshi mnyama yuko wapi, hakiunganishwi na simu, na akipotea Kariakoo huwezi kumtafuta kwenye ramani. Kitasaidia akipelekwa kwa mtu mwenye kifaa cha kusomea.

Mkanganyiko mwingine wa nyumba zetu hauhusu mashine bali watu. Nyumbani kuna dada wa kazi, kuna mlinzi, kuna bibi mwenye huruma. Mashine imetoa saa moja, dada naye ameongeza kwa kuwa paka amelia. Paka atalia tu, ameshajifunza kwamba kulia kunalipa. Zungumza na kila aliye nyumbani, mkubaliane kwamba chakula kinatoka sehemu moja. Na yule anayemnyima paka makusudi ili awinde panya, amwache ale: paka aliyeshiba bado huwinda, na mwenye nguvu huwinda vizuri zaidi.

Naweza kusafiri?

Usiku mmoja, kwa paka mzima mwenye afya na maji vyombo viwili tofauti, sawa. Zaidi ya hapo pawepo mtu wa kuingia ndani kila siku, akamwona kwa macho. Mbwa asiachwe peke yake hata usiku huo mmoja. Anahitaji kutoka na anahitaji mtu. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita anakula mara tatu au zaidi kwa siku na hafai kuachiwa mashine.

Ukali huu una sababu ya kitabibu. Paka asipokula kwa siku mbili au tatu, hasa aliye mnene, mwili unaanza kumwaga mafuta kwenye ini hadi ini linashindwa kufanya kazi. Punje moja iliyokwama kwenye gurudumu asubuhi ya Ijumaa, wewe umekwenda Moshi hadi Jumatatu, inatosha. Kamera itakuonyesha sahani tupu, lakini haitaingia ndani kumwokoa. Watu wa pwani tumekua tukisimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Sheria nazo zinasema hivyo hivyo kwa lugha yao: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kote wajibu wa chakula na maji ni wa mwenye mnyama.

Ukishaichagua, tazama adapta yake kabla ya kuichomeka. Iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120. Ukutani kwetu kuna 230 hadi 240. Maandishi 100–240V kwenye adapta yanakutosha. Waya upite nyuma ya kabati au ndani ya bomba la plastiki, maana mbwa mchanga hutafuna.

Anza kuitumia wiki ambayo upo nyumbani. Siku mbili za mwanzo iweke karibu na sahani yake ya zamani ikiwa imezimwa, aizoee; mlio wa mota huwatisha wengine. Kisha iwashe ukiwa umekaa pale pale, na uangalie kama anaingiza mkono kwenye mdomo wa mashine kuchota, maana wapo wanaojua. Kila asubuhi tazama sahani kabla hujatazama simu. Ukikuta chakula cha jana bado kipo na paka hajagusa kitu siku nzima, usihangaike na mipangilio. Mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.